Unataka kukuza ramani ya ndege ya modeli? Soma hii kabla hujaenda steshenari

Kwa nyie mnaoanza kutengeneza ndege za modeli, swali linalojirudia kila siku ni hili: mtu kapata ramani nzuri ila saizi siyo anayoitaka, anauliza aikuze asilimia ngapi. Asilimia huulizi mtu bana, unaipima mwenyewe. Chukua rula, pima kwenye karatasi uliyonayo kitu kimoja ambacho saizi yake halisi unaijua, afu chukua saizi unayotaka gawanya kwa hiyo uliyopima, basi. Ile "1/12" iliyoandikwa pembeni, yaani skeli, modeli ni ndogo mara 12 kuliko ndege halisi, usiitegemee, mana hiyo karatasi ishapigwa skana, ishatolewa kopi, ishaprintiwa na watu usiowajua, maandishi yamebaki yale yale ila mchoro ushabadilika zamani.

Tuchukue Piper J-3 Cub, ile ya njano yenye mchoro wa radi nyeusi ubavuni, wengi ndo wanaanza nayo na naona wanafanya vizuri, bawa limenyooka halina mbwembwe. Ndege halisi bawa lake ncha hadi ncha ni futi 35 na inchi 3, yaani mita 10.74 hivi. Ukitaka 1/12 unagawa kwa 12 unapata milimita 895. Sasa tuseme umepima bawa kwenye karatasi yako ukakuta 620, unafanya 895 gawanya kwa 620 unapata 1.444, kwa hiyo unakuza asilimia 144.4. Ila kuweni makini na hizo futi, futi 35 na inchi 3 siyo 35.3, ni 35.25, inchi ziko 12 kwenye futi siyo 10, na wanaokosea hapo ni wengi.

Afu usiishie kwenye bawa tu. Pima na urefu wa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege kuanzia pua hadi mkia, Cub ni mita 6.83, kwa 1/12 inakuja 569. Kama bawa linakwambia kuza 144 na bodi inakwambia 148 ujue mchoro umevutwa upande mmoja, mara nyingi ni picha iliyopigwa na simu kwenye kitabu kilichojikunja katikati. Unaweza kuinyoosha kwenye Inkscape, programu ya kuchora ya kompyuta, ni ya bure, kila upande na asilimia yake, lakini kama ilipigwa kiupandeupande mistari inakuwa imepinda na hapo mimi natafuta mchoro mwingine, sipotezi muda.

Kuhusu asilimia zenyewe kuna mtego. Kutoka 1/72 kwenda 1/48 unakuza 150, sawa, lakini kurudi siyo kupunguza kwa 50, unaweka 66.7. Na ukikuza 150 afu ukaikuza tena 150 hupati 300, unapata 225.

Haya, steshenari. Yule kijana pale kazi yake ni kuhakikisha karatasi inajaa vizuri, kwa hiyo printa ameiseti ijibane yenyewe ienee kwenye A4, na ukimwachia hivyo ramani yako inapungua asilimia tatu nne bila mtu kujua. Asilimia tatu kwenye 895 ni karibu milimita 27, hiyo ni kubwa. Mwambie aweke saizi halisi, asilimia mia. Na kabla hujaprinti chora mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa kulala mmoja wa kusimama, ikitoka ipime yote miwili hapo hapo kaunta kabla hujalipa, mana printa nyingine zinatoa sawa upande mmoja na upande ambao karatasi inavutwa zinakosea. Ramani yenye kurasa nyingi iprinti yote siku moja mashine moja. Kama una hela kidogo nenda kwa wale wanaoprinti ramani za nyumba, wana A1 ambayo ni milimita 594 kwa 841, nusu bawa ya Cub ya 1/8 ni 671 inaingia bila kuunga karatasi. Bawa la upande wa pili huhitaji kuprinti, paka mafuta ya kupikia nyuma ya karatasi iwe inaonyesha, igeuze, jenga.

Sasa pale wageni wanapoumia kweli. Mchoro unakua na kupungua, ila vifaa havijui kama umekuza. Ukipunguza ramani ya fomubodi (lile bango jepesi lenye povu katikati) ya milimita 5 iwe asilimia 70, ile nafasi ya kuchomekea inakuwa 3.5 na fomubodi yako bado ni 5 vile vile, haiingii. Tundu la sevo (kile kimota kidogo kinachosogeza usukani wa ndege) ya gramu 9 lenye urefu wa milimita 23 linakuwa 16, sevo inabaki nje inakuangalia. Ukikuza 150 ule mti mwepesi wa balsa wa milimita 3 unatakiwa uwe 4.5, nenda katafute 4.5 uone, utakuta 4 au 5. Kwa hiyo kuza mistari ya nje tu, afu nafasi zote za mbao, sevo, mota na betri zichore upya kwa vipimo vya vitu ulivyonavyo mkononi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Uzito nao una hesabu yake. Cub ya 1/12 ukiikuza iwe 1/8 umeongeza mara 1.5, eneo la bawa linaongezeka mara 2.25, ila uzito kama umekuza kila kitu pamoja na unene wa mbao unaongezeka mara 3.375. Ile ya gramu 400 inakuwa 1350. Kila kipande cha bawa kinabeba mara 1.5 ya mwanzo, na ndege inahitaji spidi zaidi ya asilimia 20 juu ili ikae hewani. Itaruka, kubwa zinavumilia, lakini usiifungie mota ile ile ya ndogo. Kupunguza ndo kugumu zaidi kwa maoni yangu, mana betri na sevo hazipungui.

Kitu kingine, nyuzi za pembe (digrii) hazibadiliki, bawa lililoinuliwa nyuzi 2 linabaki 2 hata ukuze mara kumi, na sehemu ya kubalansi inakua pamoja na mchoro kama imechorwa kwa alama. Ila namba zilizoandikwa hazikui! Ramani inasema "inua ncha ya bawa 30 mm", umekuza 150, karatasi bado inakwambia 30 wakati inatakiwa 45. Chukua kalamu nyekundu pitia ramani nzima, kila namba ya milimita ikate uandike mpya pembeni, za nyuzi ziache.