Kipima unyevu na oveni: p kubwa haisemi kwamba vinalingana

Msomaji mmoja anayesimamia ghala la mahindi ameniletea jedwali la ANOVA (uchambuzi unaolinganisha wastani wa makundi) kutoka R, programu ya takwimu. Sampuli 12, kila moja imepimwa kwa oveni (njia ya kukausha punje, ambayo ndiyo rejea) na kwa vipima unyevu viwili vya mkononi. Thamani ya p imezidi 0.05, yaani tofauti ya wastani haikujitokeza wazi kitakwimu, naye anauliza kama sasa aachane na oveni. Asiache bado.

Tazama kwanza digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru ambazo kila sehemu ya hesabu inazo). Aliandika aov(unyevu ~ mbinu), na R ikampa mabaki (tofauti ambayo mbinu haielezi) yenye digrii 33, kana kwamba kila kifaa kilipima mahindi yake. Kumbe mahindi ni yale yale. Sampuli moja ikiwa na unyevu wa asilimia 11 na nyingine 20, tofauti hiyo yote huangukia kwenye mabaki na kufunika nusu asilimia inayotenganisha vifaa. Andika aov(unyevu ~ mbinu + Error(sampuli)). Kabla ya hapo pitisha namba za sampuli kwenye factor(), la sivyo R itazichukua kama kiasi. Ukipatia, utaona digrii 11 za sampuli, 2 za mbinu na 22 za mabaki. Zisipotokea hizo, usihangaike kusoma p.

Ukipima mara mbili kwa kila kifaa, tumia Error(sampuli/mbinu). Na kurudia kipimo maana yake ni kumwaga punje na kujaza upya. Kubonyeza kitufe tena hakutoshi. Punje zilizotoka kwenye friji ziache zifikie joto la chumba, kwa sababu kipima unyevu cha umeme huyumbishwa na joto. Kulinganisha jozi za mbinu, tumia emmeans, kifurushi cha R. Amri ya kawaida ya kulinganisha jozi, TukeyHSD, haipokei modeli yenye Error.

Hata baada ya hayo yote, ANOVA inalinganisha wastani tu. Kifaa kinachozidisha asilimia 2 hapa na kupunguza 2 pale kitatoa wastani mzuri kabisa, na hicho ndicho kinachoozesha mahindi ya watu. Kwa hiyo toa kipimo cha oveni kwenye kipimo cha kifaa, sampuli kwa sampuli, kama wanatakwimu Bland na Altman walivyoelekeza mwaka 1986: wastani wa tofauti, kujumlisha na kutoa mara 1.96 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika). Hiyo ndiyo mipaka ambamo tofauti nyingi zinatarajiwa kuangukia. Tuseme wastani ni 0.1 na mkengeuko 0.9. Mipaka inakuwa -1.66 na 1.86. Basi mahindi yaliyosomwa 13.0 yanaweza kuwa 14.66 kwenye oveni, wakati kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5.

Chora pia tofauti hizo dhidi ya wastani wa vipimo viwili. Nukta zikipanda au kushuka kadiri unyevu unavyoongezeka, kosa halilingani kote, na kurekebisha kwa namba moja hakutasaidia: tafuta mstari wa marekebisho kwa regresheni, au kifaa kitumike kwenye mahindi makavu tu na mabichi yaendelee kwenda oveni.