Kabla ya Kununua Baiskeli ya Safari, Muulize Fundi wa Chini ya Mti

Spoki ilikatika kilomita chache kabla ya Chepseon, kwenye barabara ya kutoka Mau Summit kwenda Kericho. Ilitoa mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa gotini. Nilidhani nimekanyaga kitu, nikaendelea kukanyaga pedali. Muda si mrefu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, tairi likawa linasugua fremu kila mzunguko, nami nikashuka na kuanza kusukuma.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza ya baiskeli kutoka Nakuru hadi Kisumu. Nilikuwa nimejiandaa, au ndivyo nilivyoamini. Keria ya nyuma ilibeba kilo 18: hema, jiko dogo la gesi, nguo za siku tano, na kitabu kinene ambacho sikukifungua hata mara moja. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba, nyepesi, inayovutia macho, na magurudumu yake yalikuwa na spoki bapa 24 kila moja. Aliyeniuzia alinieleza kwamba spoki zikiwa chache uzani unapungua. Hakunidanganya. Ila hakunieleza kwamba ile kazi ambayo spoki zangu 24 zilikuwa zinagawana, black mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, huigawa kwa spoki 40 nyuma na 32 mbele. Ikikatika moja kati ya 40, muuza maziwa hata hajui. Ikikatika moja kati ya 24, na kilo 18 ziko juu yake, safari imesimama.

Chepseon nilimkuta fundi mmoja mzee chini ya mti, tairi kuukuu zikining'inia matawini, mkebe wa gololi ukiwa umejaa grisi miguuni pake.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Umetoka wapi na hiyo, kijana?"

Aliipindua baiskeli, akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha moja moja, ameinamisha sikio kama mtu anayejaribu gitaa. Zilizolegea zilitoa sauti nzito, zilizokaza zilitoa nyembamba. Kisha akanieleza mambo mawili. Kwanza, spoki bapa hana, na hata Kericho nisipoteze muda kuzitafuta. Pili, iliyokatika iko upande wa gia, na ili kuingiza nyingine ya kawaida lazima zile gia za nyuma zitolewe kwa kifaa chake maalumu, ambacho pia hana.

Nikaona mwisho wa safari. Yeye akachukua spoki ya black mamba, akakata kichwa chake kwa plaisi, akaupinda ule mwisho mara mbili ukawa kama herufi Z, akauchomeka kwenye tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa pembeni bila kugusa gia hata moja. Ile Z ilijishika yenyewe ndani ya tundu. Akakaza nati upande wa rimu, lile duara linaloshika tairi, akalizungusha gurudumu, akalikaza tena kidogo. Alinitoza shilingi 100. Nilimpa 200 na bado najiona nilimpunja. Spoki ile ilinifikisha Kisumu.

Tangu siku hiyo, kila kifaa ninachotaka kununua nakipitisha kwenye swali moja: je, huyu mzee angeweza kukitengeneza? Ninachosema hapa chini kinatokana na swali hilo, kwa hiyo kama wewe unaendesha mashindano na una gari la msaada nyuma yako, ushauri wangu hautakufaa sana.

Magurudumu kwanza, kwa sababu ndiyo yanayobeba kila kitu. Tafuta spoki 36 za mviringo, za kawaida. 32 zinatosha kama wewe ni mwepesi na mzigo wako ni mdogo. Beba spoki tatu za akiba zenye urefu wa magurudumu yako (urefu wa upande wa gia huwa tofauti kidogo na upande wa pili, pima zote mbili) na uzifunge kwa utepe kando ya fremu. Na mojawapo uipinde Z kabisa nyumbani.

Sasa tairi, ambapo watu wengi huumia. Ukienda dukani Molo au Ahero na kusema unataka tairi ya 28, utapewa tairi ya 28, na haitaingia. Namba hiyo imeandikwa kwenye tairi za aina mbili zisizolingana. Black mamba hutumia 28 x 1 1/2, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Hizi baiskeli za kisasa zinazoitwa 700C nazo huandikwa 28, lakini rimu yake ni milimita 622. Usisome namba kubwa. Inama usome ile ndogo ubavuni mwa tairi, yenye kistari katikati, kwa mfano 42-622 au 40-635. Ile ya kwanza ni upana, ya pili ndiyo kipenyo, na ndiyo isiyosema uongo. Hata 26 ina mtego wake: ya baiskeli ya milimani ni 559, lakini 26 x 1 3/8 ni 590.

Mimi sasa naendesha ya 559, ile 26 ya kawaida yenye upana wa inchi 2. Vijana wa mjini wananiambia imepitwa na wakati. Huenda ni kweli, lakini nimeiona ikining'inia kwenye maduka ya vijijini ambako hiyo 700C hawajawahi kuagiza. Kama baiskeli yako ni 700C na unaipenda, sina ugomvi nayo. Beba tairi moja ya kukunjwa na tyubu mbili, ukijua hizo ndizo akiba yako yote.

Valvu nayo: chagua ile nene, inayofanana na ya gari na pikipiki. Pancha ikikupata Londiani, kijana yeyote wa pikipiki ana pampu ya kukusaidia. Ile nyembamba inahitaji adapta, kitu kidogo cha shaba ambacho utakipoteza. Ukijaza upepo kwenye kituo cha mafuta, bonyeza na uachie, bonyeza na uachie. Mashine ile imezoea matairi ya lori, na tyubu ya baiskeli hupasuka kabla hujatamka neno.

Gia. Kutoka Nakuru nilikataa barabara kuu ya Salgaa na Sachangwan, malori yamemaliza watu wengi pale. Nikapita Njoro, Elburgon na Molo. Lakini lori ukilikwepa, mlima hulikwepi: Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na Molo karibu 2,500. Nilihesabu meno yanayoshika mnyororo kwenye black mamba ya jirani yangu nikapata 48 mbele na 20 nyuma. Kila mzunguko wa pedali unaisogeza kama mita 5. Ni hesabu nzuri ya Ahero, kwenye tambarare la mashamba ya mpunga, lakini pale Elburgon utaisukuma kwa mikono. Baiskeli ya milimani yenye meno 26 mbele na 34 nyuma inasogea mita 1 na nusu na kidogo kwa mzunguko. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unapata kama kilomita 6 kwa saa, yaani umemzidi kidogo tu mama anayetembea kwenda sokoni. Atakusalimu, mtaongea. Hakuna aibu hapo, magoti yako yatakushukuru kesho yake.

Kwa hiyo muuzaji akikusifia idadi ya gia, muulize meno. Gia 21 zilizobanana upande wa kasi hazikusaidii chochote Mau.

Breki nilizipuuza hadi nilipoteremka kutoka Kericho. Pale unashuka karibu mita 900 ukielekea Ahero, na ikiwa mvua ya alasiri ya Kericho imekupata, mpira wa breki unaliwa na mchanga kama kifutio cha penseli. Chukua breki za waya, ziwe za rimu au za diski, maana waya wa breki unapatikana kila soko. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, nakubali, ila zikivuja hakuna wa kukusaidia. Mipira ya akiba ni mepesi mfukoni. Na usibane breki mfululizo mteremko mzima: rimu hupata moto. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena.

Mzigo nimeupunguza hadi kilo 9. Hema nililiacha baada ya safari ya pili, kwani kwenye njia hii kuna lojing karibu kila mji na mwenyewe hukuruhusu kuingiza baiskeli chumbani ukimwomba vizuri. Zamani nguo tulizikinga mvua kwa mifuko ya plastiki, lakini tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ilipigwa marufuku. Nilimpelekea fundi wa maturubai ya malori kipande cha turubai kilichobaki, akanishonea mifuko miwili mirefu, ambayo mdomo wake unakunjwa mara tatu kisha unafungwa. Naifunga kwenye keria kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, kama wanavyofunga kreti za mkate. Kamba za dukani zenye kulabu zilinirukia usoni mara moja, nikaachana nazo. Vitu vizito, yaani zana na maji, viweke chini na katikati ya fremu.

Kuhusu mwili nitasema kidogo. Kiti laini chenye sponji nene kinadanganya: dakika kumi za kwanza ni godoro, saa ya tatu ni adhabu. Vaa kaptura yenye pedi, bila chupi ndani, na upake mafuta ya kukamulia ng'ombe yanayouzwa agrovet. Muuzaji akikuuliza una ng'ombe wangapi, jibu upendavyo.

Safari nzima ni karibu kilomita 200. Igawanye siku mbili, ulale Kericho. Anza alfajiri, ufike kabla ya mvua, na saa kumi na mbili jioni uwe umeshaegesha. Taa ya nyuma iwake hata mchana kwenye ukungu wa Molo.

Kurudi Nakuru nilipanda matatu. Makanga wa Kisumu alitaka pedali zitolewe ndipo baiskeli ilale juu ya keria bila kuchuna gari. Ya kulia ilifunguka mara moja. Ya kushoto nilihangaika nayo dakika ishirini, spana ikiniteleza, abiria wakinitazama kupitia dirishani, hadi mama muuza samaki aliposema, "Wewe unaikaza, baba." Nyuzi za pedali ya kushoto zimekatwa kinyume. Nilizungusha upande wa pili, ikatoka.