Ngozi ya Mbuzi kwenye Umbo la Mtu: Majibu kwa Wachongaji

SWALI: Ninakivalisha kiwiliwili cha mwanamke ngozi ya mbuzi yenye manyoya. Niliichukua machinjioni jioni, ikalala kwenye mfuko, asubuhi nikaiwamba juu ya umbo la plasta kwa misumari. Wiki ya pili manyoya yakaanza kunyonyoka, kingo zikajikunja na penye misumari pakatoka madoa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kosa la kwanza ni mfuko. Ngozi iliyotoka kuchunwa bado ina joto. Ukiifunga, bakteria hula mashina ya manyoya kabla hujasikia harufu yoyote, na manyoya yakishalegea hakuna dawa ya kuyarudisha. Itandaze kivulini ipoe, upande wa nyama ukiwa juu. Kwangua nyama na mafuta yote, kisha ndani ya saa chache isugue chumvi laini. Ngozi ya kilo 2 haitoshwi na chini ya kilo 1 ya chumvi. Fika hadi kwenye kingo na mikunjo ya miguu, maana uozo huanzia huko. Ilaze kwenye ubao ulioinama ili maji yachuruzike, na kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa utie mpya. Ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe usiiguse kabisa: kimeta huambukiza kupitia ngozi.

Siku mbili tatu baadaye iloweke kwenye maji baridi hadi ilainike, halafu itie kwenye dawa ya shabu (alum). Katika ndoo ya plastiki yeyusha gramu 450 za shabu kwa lita 4 za maji. Chombo kingine kiwe na lita 2 za maji, gramu 225 za chumvi na gramu 115 za soda ya kufulia, si kostiki. Mimina ya pili ndani ya ya kwanza kidogo kidogo huku unakoroga, kwa sababu hufura povu. Ngozi ya mbuzi hukaa humo siku 2 hadi 5, ikigeuzwa kila siku. Kata ukanda mwembamba ukingoni: ukiwa mweupe kutoka upande mmoja hadi mwingine, imeiva, ukiona katikati mstari unaong'aa kama ukucha, bado.

Sasa kuwamba. Plasta hunyonya maji, kwa hiyo ngozi iliyoishika hukauka upesi chini na polepole juu, nayo hujikunja. Funika umbo kwa nailoni kwanza. Acha ziada ya sentimita 6 kila upande, maana ngozi husinyaa. Madoa yako ni kutu. Tumia pini za shaba nyeupe au vijiti vilivyochongoka. Anzia kwenye uti wa mgongo. Ngozi ya mgongo ni nene na haivutiki, ya tumbo na mbavu ni nyembamba na hutii. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hapa vuta pande mbili kwa zamu, pini moja kushoto, moja kulia, la sivyo umbo litapinda. Ikauke kivulini, na usitoe pini hadi ziada ya ukingoni iwe kavu kama ya ngoma. Baada ya hapo isilowe tena, kwani maji huitoa shabu.

Makovu, chuchu na alama ya chuma cha moto usizifiche. Hizo ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba ngozi hii iliwahi kuwa ya mwingine.

SWALI: Nimeona picha za ngozi za ng'ombe zimesimama kama wanawake, ndani hamna mtu. Zinasimamaje, na kwa nini ziko tupu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni kazi za Nandipha Mntambo, aliyezaliwa Eswatini (zamani Swaziland) mwaka 1982 na kusomea sanaa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ngozi huifinyanga juu ya umbo lililotolewa kwenye mwili wake mwenyewe, kisha hukazwa kwa rezini, gundi ya kemikali inayogumuka. Ikigumu, umbo la ndani huondolewa. Kinachobaki ni kifua na nyonga za mwanamke katika manyoya ya ng'ombe. Mwanamke hayupo, ng'ombe hayupo, lakini wote wawili wanaonekana. Katika picha yake Europa ya mwaka 2008 alijivika mwenyewe manyoya na pembe za fahali. Kwetu, ambako ng'ombe hutolewa mahari, kazi hizi zinagusa pabaya, na naona ndiyo nguvu yake. Ukitaka kujaribu, rezini haishiki penye mafuta, na mvuke wake unadhuru mapafu: fanyia nje, uvae barakoa ya kuchuja kemikali.

SWALI: Chale kwenye barakoa ya mbao zichongwe au zibandikwe? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Wamakonde wana njia zote mbili. Kwenye mapiko mengi, yaani barakoa zao zinazovikwa kichwani kama kofia, chale ni nta ya nyuki iliyobandikwa, na baadhi ya barakoa hupandikizwa nywele halisi za mtu. Lainisha nta kwenye maji ya uvuguvugu, isokote uzi wa milimita 3, ubonyeze kwenye mbao kavu isiyo na vumbi wala mafuta. Nta huyeyuka karibu nyuzijoto 63, na hulegea kabla ya hapo, kwa hiyo usiiweke chini ya taa kali. Kwa mpingo chonga tu. Nta haishiki vizuri kwenye uso unaoteleza namna ile.