Miguu yavimba jioni tangu ninunue cherehani ya umeme

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kiyembe, Kampala, nina miaka 46. Nimekanyaga cherehani ya miguu miaka 19, mwaka jana nikanunua ya umeme. Tangu msimu wa sare za shule mwezi wa Januari, ikifika jioni miguu yote miwili imejaa, soksi zinaacha alama. Asubuhi naikuta imenywea. Fundi mwenzangu ananiambia nizungushe vifundo vya miguu ili damu itembee. Ni kweli inasaidia? Na nifanye mara ngapi?

JIBU: Salamu, fundi. Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali, pale ulipotaja cherehani.

Damu kushuka miguuni si kazi. Kazi ni kuipandisha, na anayeipandisha hasa ni msuli wa shavu la mguu. Bila shaka umewahi kuteka maji kwenye kisima cha pampu ya mkono. Unashusha mpini, maji yanapanda, na ukiuinua hayarudi chini kwa sababu kuna vali inayoyazuia. Mishipa inayorudisha damu moyoni nayo ina vali za namna hiyo, na mpini wake ni kifundo chako cha mguu. Kisigino kikiinuka, shavu linakaza, linaikamua mishipa iliyo ndani yake, damu inapanda. Mpini ukitulia saa nzima, damu inatuama na majimaji yake yanapenyeza kwenye nyama. Huo ndio uvimbe unaouona. Usiku ukilala, mlima wa kupanda haupo tena, majimaji yanarudi, unaamka mguu mwembamba.

Cherehani ya zamani ilikuwa inakupigia pampu hiyo kutwa nzima, tena bila malipo. Hii ya umeme inataka mguu mmoja ugande juu ya pedeli, na wa pili haina habari nao kabisa. Sikwambii uiuze, najua sare za shule hazingoji mtu. Nakwambia uirudishie miguu kazi yake.

Kuzungusha vifundo si vibaya, kunalainisha kiungo, ila damu inasukumwa zaidi na mwendo wa juu na chini. Ukiwa umekaa, vua viatu, kanyaga sakafu kwa unyayo wote. Inua visigino juu kadiri unavyoweza, vidole vibaki chini, hesabu mbili, shusha. Kisha inua vidole na mbele ya unyayo, visigino vibaki chini, hesabu mbili, shusha. Hiyo ni moja. Fanya 20, polepole. Mara ya kwanza weka kiganja nyuma ya mguu, chini ya goti. Lazima usikie shavu linakuwa gumu, kisha linalegea. Lisipokuwa gumu, basi unachezesha vidole tu. Wagonjwa wangu wengi huanzia kwenye kosa hilo, wanatikisa miguu harakaharaka kama mtu anayesubiri taksi kwenye mvua.

Mara ngapi? Lenga kila saa. Kwa kuwa fundi mwenye oda hatazami saa, tumia bobini: kila uzi wa chini ukiisha, kabla hujaweka mwingine, piga 20 zako. Na kila unapoinuka kwenda kupiga pasi au kukata kitambaa, shika ukingo wa meza, simama kwa vidole na ushuke taratibu mara 10 au 15. Ukisimama, msuli unabeba uzito wako wote, kwa hiyo unakamua kwa nguvu zaidi kuliko ukikaa. Pedeli nayo ihamishe, asubuhi mguu wa kulia, mchana wa kushoto. Siku mbili tatu mshono utakwenda kombo, uvumilie.

Jioni lala chali, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, dakika 15 hadi 20. Chumvi ya mezani punguza.

Jaribu hivyo wiki mbili. Alama ya soksi isipopungua, nenda kituo cha afya wakupime presha na mkojo, kwa sababu moyo na figo pia huvimbisha miguu yote miwili. Ukiona uso unavimba asubuhi, au pumzi inakubana ukilala chali, hizo wiki mbili usizingoje.

Hapa nisikilize vizuri. Ukivimba mguu mmoja tu, shavu likauma, likawa la moto kuliko la pili, acha mazoezi na usiruhusu mtu akuchue, hata awe na mafuta mazuri namna gani. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likikatika linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana ghafla au pumzi ikakata, chukua boda uende saa hiyohiyo.

Jambo moja hukulitaja: je, unameza dawa ya presha? Amlodipini, ambayo watu wengi huandikiwa, inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Kama ndiyo unayoitumia, usiiache kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia, umwonyeshe miguu jioni, si asubuhi, na atajua kama akupunguzie au akubadilishie.