Pima shokapu kabla ya kununua moduli

Wiki hii barua nyingi zinahusu jambo moja: kile kiboksi kinachoamua shokapu za gari la spoti zikaze au zilegee, na hizi moduli mbadala zinazouzwa ili zikae mahali pa ile ya kiwandani. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na mengi nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, gari likiwa juu ya jeki. Nimechagua maswali sita.

Fundi, shikamoo. Nina Porsche 911 ya 997, Carrera S. Kwenye barabara mbovu inadunda mno, na nikikata kona kwa kasi nyuma inayumba. Nimeambiwa nikiagiza moduli ya DSC Sport kutoka Marekani yote yatakwisha. Niagize? (Msomaji, Mikocheni)

Marahaba, mwanangu. Usiagize kwanza.

Gari lako lilitoka kiwandani na mfumo uitwao PASM. Kila gurudumu lina shokapu ya Bilstein yenye vali ya umeme ndani yake, na moduli inaipelekea vali hiyo mkondo mkubwa au mdogo kulingana na mwendo wa gari. Basi. Moduli haisukumi gari juu wala haina nguvu yake yenyewe, inachofanya ni kubana na kuachia njia ya mafuta ndani ya shokapu. Mafuta yakiwa yamevuja, moduli itabana nini?

Modeli ya 997 ilianza kuuzwa 2004, kwa hiyo zile za mwanzo zimevuka miaka 20. Shokapu ya umri huo ikiwa bado ni ile ya kiwandani, nianze kuitilia shaka kabla sijagusa waya hata mmoja.

Liliwahi kuletwa kwangu gari kama lako, na mwenyewe ameshika moduli mpya bado imo kwenye mfuko wake. Nikaomba tuinue gari kwanza. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa imeshikwa na vumbi jeusi kuanzia katikati hadi chini. Nilipolifuta kwa kitambaa, kitambaa kikarudi na mafuta. Nikachomoa plagi za shokapu zote nne, nikaweka mita kwenye ohm, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, nikapima pini mbili za kila moja. Tatu zilisoma karibu sawa, ohm chache tu. Ya nne, mbele kushoto, haikusoma kitu: aliyebadilisha bushi kabla yangu aliuvuta ule waya mwembamba ukakatika ndani ya ganda lake, na kwa nje unaonekana mzima. Yaani gari lile lilikuwa linatembea na shokapu moja iliyovuja na nyingine isiyopata umeme. Mwenye gari alikuwa tayari ametoa pesa ya moduli, na pesa ya shokapu ikabidi aanze kuitafuta upya. Iliniuma, kwa sababu kipimo chenyewe hakikuchukua hata saa moja.

Kwa hiyo, mwanangu, pima ohm, ukilinganisha kushoto na kulia. Angalia mafuta. Tikisa stabilaiza linki na boljointi, kagua bushi. Kuyumba kwa nyuma kwenye kona mara nyingi hutokana na bushi zilizochoka au alaimenti iliyopotea. Vyote vikiwa vizima na bado hujaridhika, hapo ndipo moduli inapata kazi ya kufanya.

Moduli ya kiwandani ina kasoro gani hasa, hadi watu wakatengeneza nyingine? (Msomaji, Nairobi)

Haina kasoro, ina mabwana wengi wa kutumikia. Kiwanda kinatengeneza gari litakaloendeshwa na mzee anayekwenda kazini na kijana anayekwenda kwenye uwanja wa mbio, kwa moduli hiyo hiyo.

Nikueleze asili ya fikra yenyewe, maana ni nzuri. Mwaka 1974 mhandisi Dean Karnopp na wenzake walichapisha wazo hili: tuseme bodi ya gari imefungiwa shokapu iliyoning'inia kutoka angani, si kutoka kwenye gurudumu. Gurudumu lingepanda na kushuka litakavyo, bodi ingebaki imetulia. Mbinguni hakuna pa kufunga shokapu, lakini kompyuta inaweza kuiga hali hiyo kwa kukaza na kulegeza shokapu ya kawaida kwa wakati unaofaa. Mifumo mingi ya leo ina damu ya wazo hilo.

Wewe wa Nairobi unaweza kuihisi tofauti bila kifaa chochote. Ukipita ile barabara ya juu kutoka Mlolongo kwenda Westlands, viungo vya daraja vinagonga haraka haraka, tak, tak, tak. Hapo gurudumu ndilo linalotetemeka, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Kisha ingia barabara yenye mabonde marefu: bodi nzima inapanda na kushuka taratibu, mara moja au mbili kwa sekunde. Shokapu iliyokazwa kutuliza mabonde itakupasua kiuno kwenye viungo vya daraja. Moduli inaishi katikati ya mambo hayo mawili.

Sasa moduli mbadala kama DSC Sport inategemea zaidi nguvu ya kona na ya breki. Inasoma gari linavutwa upande gani na kwa kiasi gani, mwendo ni kilomita ngapi, kisha inakaza shokapu zinazobeba uzito wakati huo. Na majedwali yake, yaani namba zinazoiambia ikaze au ilegeze kiasi gani, yako wazi: unaunganisha laptopu, unayaona, unayabadilisha. Ya kiwandani inakupa kitufe kimoja, Normal au Sport, na kwa wengi hicho kinatosha kabisa.

Nimeshapima kila kitu, shokapu ni mpya, moduli imefika. Nataka kuiweka mwenyewe. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Umefanya vyema kutanguliza shokapu. Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka.

Kabla ya kufungua chochote, soma kodi zote za gari (namba za hitilafu) kwa kompyuta na uzihifadhi. Kodi iliyokuwepo tangu mwanzo usije ukaipa lawama moduli mpya kesho. Piga picha ya moduli ya zamani ikiwa mahali pake, plagi zikionekana.

Kisha betri. Na hapa nisikilize kwa makini kama gari lako ni 911, Boxster au Cayman: betri iko kwenye buti la mbele, na kufuli la buti hilo hufunguka kwa umeme. Ukichomoa betri kisha ukafunga buti, umejifungia nje. Mimi lilinipata miaka ya mwanzo, jioni, mteja amesimama pembeni. Ilibidi nipeleke umeme wa betri nyingine kupitia ncha iliyowekwa kwa ajili hiyo kwenye kisanduku cha fyuzi ndani ya gari, ndipo kufuli likaachia. Tangu siku ile, nikichomoa betri natandika taulo nene kwenye ukingo wa buti ili hata upepo usilifunge.

Toa ufunguo, subiri kama dakika 10 kompyuta za gari zilale, ndipo uchomoe waya wa hasi wa betri. Gusa chuma kitupu cha bodi kabla ya kugusa moduli, kwa sababu umeme uliokusanyika mwilini mwako unatosha kuua kipande kidogo cha ndani bila wewe kuhisi lolote. Plagi ina kiwiko cha kufungia: kivute hadi mwisho, plagi itatoka yenyewe. Ukijikuta unavuta waya, simama, kuna kitu hujafungua.

Tazama pini za moduli mpya kwa tochi. Pini moja iliyopinda, ukisukuma plagi, inalala chini na kugusa jirani yake. Plagi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Na kama moduli uliyouziwa ni ya kuchomeka tu lakini fundi anakuambia mkate waya na kulehemu, kazi isimame hapo hapo: ama moduli si ya gari lako, ama fundi si wa kazi hii.

Ifunge kwenye kishikio kile kile, ikitazama upande ule ule. Baadhi ya moduli zina sensa ya mwendo ndani yake, na ukizigeuza zitadhani kona ya kushoto ni breki.

Rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya utulivu wa gari inaweza kubaki imewaka hadi uzungushe usukani na kutembea mita chache, usishtuke. Vioo huenda vikahitaji kufundishwa upya: pandisha hadi juu na uendelee kushika kitufe. Taa ya PASM ikibaki, soma kodi, usibahatishe. Ikizimika, endesha kwa kilomita 20 au 30 kwa saa mahali patupu, laptopu ikiwa mikononi mwa mwenzako, atazame kama shokapu zote nne zinapata mkondo.

Nina Audi TT yenye shokapu za sumaku. Rafiki yangu ametoa moduli nzuri kwenye Porsche yake. Anipe? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yangu. Shokapu zako hazina vali. Ndani yake kuna mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, na koili inapopata umeme chembe hizo hujipanga, mafuta yakawa mazito. Teknolojia hiyo, MagneRide, ilitoka Delphi ya Marekani na ikaanza kwenye Cadillac Seville ya 2002. Mkondo unaoutaka na namna unavyoutaka ni tofauti kabisa na wa vali ya Bilstein. Tafuta moduli iliyotajwa kwa jina la gari lako, aina na mwaka, la sivyo bakia na yako.

Fundi, mwanangu wa kiume ameweka shokapu za kawaida kwenye gari la spoti aliloliachiwa na baba yake. Sasa taa inawaka, na fundi mmoja anataka kuifuta kwa vizuizi vya umeme (rezista). Mimi naogopa. (Mama, Tanga)

Mama, shikamoo. Woga wako una msingi, ila si kwa sababu ya vizuizi peke yake. Kampuni kama KW huuza vifaa maalumu vya kuiambia moduli kwamba shokapu za umeme bado zipo, na vikiwa vya gari husika hufanya kazi salama. Hatari ni kizuizi cha kuokoteza dukani, kisichokadiriwa kubeba joto, kilichofungwa kwa tepu karibu na zulia. Kile hupata moto hasa.

Swali la kumuuliza kijana ni jingine: shokapu alizoweka ni za gari lile kweli? Zimefungwa zote nne au mbili tu? Mwambie akupeleke naye barabarani, wewe ukiwa abiria. Apite tuta taratibu. Gari likipanda na kushuka zaidi ya mara moja baada ya tuta, lirudi gereji kabla halijatoka tena nje ya mji. Shokapu ndiyo inayoishikisha tairi kwenye lami, na tairi isiyoshika lami haina breki.

Niko Muscat, nina Nissan GT-R ya R35. Moduli imeshakaa vizuri. Nikipanda milima ya Al Amerat pua inakataa kuingia kona. Nibadilishe nini kwenye majedwali? (Msomaji, Oman)

Kwanza nikuulize: inakataa pale unapoanza kukata usukani, au hata ukiwa katikati ya kona na usukani umetulia? Maana shokapu hufanya kazi pale tu gari linapohama kutoka hali moja kwenda nyingine. Likishalala kwenye kona na kutulia, wanaoamua ni springi, stabilaiza, tairi na upepo wake. Wengi huhangaika na majedwali usiku kucha kwa tatizo la tairi.

Kama ni pale mwanzoni, legeza mbele kidogo wakati wa breki na kuingia kona, ili uzito uje kwenye tairi za mbele bila kugongana na ukaidi wa shokapu. Kidogo, nasema. Badilisha jambo moja, piga mzunguko ule ule, andika kwenye daftari: tarehe, joto, upepo wa tairi zikiwa za baridi, namba uliyobadilisha, ulichohisi. Kwenu joto la kiangazi hufanya mafuta ya shokapu kuwa mepesi, kwa hiyo namba nzuri ya Januari inaweza kuwa legevu mwezi Juni. Weka faili mbili. Na ile moduli ya Nissan usiiuze: ifunge kwenye mfuko usioshika umeme tuli, uandike juu yake tarehe uliyoitoa na namba ya chasisi. Siku gari likileta tabia ngeni, irudishe ile ya zamani kwa dakika 20. Tabia ikibaki, moduli mpya haina kosa, na utajua uende ukatafute wapi.