Mteja kataka "Gothic", nikaweka Century Gothic, kazi ikarudi

SWALI: Nina steshenari Morogoro. Shule moja imeagiza vyeti vya wahitimu viandikwe kwa Gothic. Nikatumia Century Gothic, mwalimu mkuu kavikataa, anasema siyo. Mbona kwenye kompyuta jina ni hilo hilo?

JIBU: Ndugu yangu, jina ni hilo, herufi sizo. Mwalimu anataka zile nyeusi zenye ncha, ukoo wa herufi ambazo Gutenberg, mchapaji wa Kijerumani, alichapia Biblia yake kule Mainz miaka ya 1450. Wasomi wa Italia, waliopenda maandishi ya mviringo, ndio waliozibandika jina la Wagothi, yaani washenzi. Lilikuwa tusi. Kisha mwaka 1837 kiwanda kimoja cha herufi Boston kikauza herufi nene zisizo na vimkia kwenye ncha za mistari yake, nazo kikaziita Gothic. Marekani ikazoea hivyo, ndiyo maana Franklin Gothic ya 1902 haina ncha hata moja. Japani nako ni vivyo hivyo. Century Gothic yako imechukua jina upande huo.

Wewe tafuta Old English Text, ambayo nayo haihusiani kabisa na Kiingereza cha kale. Majina haya!

Kinachonichosha ni hawa wauza flashi za "fonti elfu tatu" ambao chochote chenye miiba wanakiita Fraktur. Fraktur ni tawi la Kijerumani la karne ya 16. A yake kubwa inafanana na U, na k ndogo inafanana na t. Mwandikie Asha cheti kwa Fraktur, nyumbani watamsoma Usha. Ukiongeza ule ujanja wa kuandika jina zima kwa herufi kubwa, AMINA anageuka ua wa michongoma. Herufi kubwa za aina hii zilichongwa zisimame mwanzoni mwa neno tu.

Na fonti nyingi za bure zina alfabeti tupu, hata kile kialama cha juu cha ng' hazina. Nimewahi kuletewa vyeti ambavyo tayari vimepigwa laminesheni, kila mtoto ambaye jina lake lina Ng' ana kijisanduku kitupu katikati. Fundi anasema, "Kwenye skrini yangu kilionekana sawa."

Chapa cheti kimoja chenye jina la aina hiyo, mwalimu mkuu atie sahihi juu yake, ndipo uwashe mashine.