Unaanza Call of Duty 4? Pitia kambini kwanza

Mdogo wangu, haraka yako naijua. Umeshapata Call of Duty 4: Modern Warfare, gemu ya vita ya kupiga risasi, kompyuta inaibeba bila kuganda, na wenzako wanakuita muingie kupambana usiku huu huu. Nakuomba uwape siku tatu nne wasubiri. Nimewafundisha vijana wengi gemu hii, tangu enzi za kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya kwenye banda letu la mtaani, na nimeona wanaodumu ni waliomaliza kwanza kampeni, yaani hatua za hadithi unazocheza peke yako. Anayeiruka hupigwa siku ya kwanza, hupigwa ya pili, na wiki ikiisha haonekani tena bandani.

Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2007, kazi ya studio ya Infinity Ward chini ya kampuni ya Activision. Nyingi zimekuja baada yake zikiwa na picha kali zaidi. Bado mimi humwanzishia mgeni hapa, kwa sababu kanuni zake ni chache na zote unafundishwa mapema, ukiwa tayari kufundishwa.

Zinafundishwa kwenye hatua ya kwanza kabisa, ile ya kambini Credenhill, Uingereza. Wewe ni Soap, askari mgeni wa SAS, kikosi maalum cha jeshi la Uingereza, na Gaz ndiye anayekupokea. Vijana huipita hatua hii mbio mbio wakiiona ya kitoto. Wewe tulia hapo. Gaz anakutaka kwanza uinue bunduki ulenge kwa jicho, kisha ufyatue ukiwa umeishika usawa wa kiuno. Tazama risasi zilivyokusanyika mara ya kwanza na zilivyotawanyika mara ya pili. Baadaye anaziba shabaha kwa ubao mwembamba na kukuambia upige vivyo hivyo, risasi zinapenya. Mgeni huona ni maonyesho tu. Lakini siku utakapojificha nyuma ya mlango wa mbao na kufa bila kumwona aliyekuua, ubao ule utaukumbuka. Jifiche nyuma ya ukuta mnene, na adui akijificha nyuma ya mbao, usiache kupiga.

Halafu kuna bastola. Gaz anasema kuchomoa bastola siku zote ni haraka kuliko kujaza risasi upya. Hilo ndilo ninalolirudia kuliko yote, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapofia: magazini imeisha, adui yuko hatua tano mbele, na kidole kinakimbilia kitufe cha kujaza. Fanya zoezi la kubadili silaha mpaka mkono ufanye bila kuulizwa. Lile tikiti maji unaloambiwa ulikate kwa kisu nalo lina kazi yake: adui akiwa umbali wa kugusana, kisu hakihitaji muda wala risasi.

Mwisho wa kambi ni jengo la mazoezi lililoundwa kama ndani ya meli. Unashuka kwa kamba na bunduki fupi ya MP5 mkononi, unapiga shabaha, unarusha bomu la mwanga, unakimbia hadi mwisho, na saa inahesabu. Rekodi ya Gaz ni sekunde 19. Muda wako ndio gemu inautazama ili kukushauri kiwango cha ugumu. Wanafunzi wangu huwa nawaambia warudie mpaka washuke chini ya sekunde 30 ndipo waendelee, hata ikiwagharimu jioni nzima.

Kwenye vita vyenyewe utakutana na jambo moja litakalokukera. Unajibanza nyuma ya gari, unaua kumi, wanakuja kumi wengine. Sehemu nyingi maadui hawaishi mpaka wewe usogee mbele na kuvuka eneo fulani. Kwa hiyo usikae ukihesabu maiti. Rusha bomu la moshi pale ulipopewa, kimbilia kizuizi kinachofuata, shika hapo.

Hatua ya mji wa Pripyat, Ukraine, iitwayo All Ghillied Up, icheze mara mbili. Ni mwaka 1996, wewe ni Price, mkubwa wa Soap, enzi akiwa luteni, na Kapteni MacMillan anatangulia, nyote mmevaa majani ya wadunguzi. Kuna mahali mnalala kifudifudi kwenye nyasi, na kikosi kizima kinakuja upande wenu kwa miguu na magari ya deraya. Buti zinapita karibu na uso wako. Kila kidole kinataka kufyatua. Ukifyatua umekufa, ukitulia, wote wanapita. Sijapata zoezi lingine linalomfundisha mtu kutofyatua vizuri kama hili.

Sasa ingia kupambana na watu wenzako. Anza na vita vya timu, ukiwa na bunduki ya M16A4 unayopewa tangu mwanzo. Hutoa risasi tatu tatu, na anayelenga vizuri humwangusha mtu kwa mkupuo mmoja. Wageni huikimbia wakitamani bunduki za kumwaga risasi. Mimi naona wanaacha dhahabu. Ukifika ngazi ya 4 utaruhusiwa kupanga silaha zako mwenyewe.

Jicho moja liwe kwenye ramani ndogo pembeni. Ukifyatua bila kizuia mlio, unaonekana kwa adui kama doti nyekundu. Kwa hiyo piga, kisha hama. Usibaki pale doti ilipowaka. Anayeua watatu bila kufa hupata ndege ya kuionyesha timu yake walipo wapinzani, watano hupata shambulio la ndege, saba helikopta. Mkisikia helikopta ya adui, ingieni ndani ya majengo. Na usikimbilie kupita juu ya maiti uliyoiangusha, kuna wanaobeba uwezo uitwao Martyrdom: wakifa huacha bomu chini.

Kuhusu mtandao kwetu huku: panga orodha ya seva kwa pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, na chagua iliyo chini. Seva ikiwa mbali, unamwona adui pale alipokuwa, si alipo. Kucheza kwa waya ndani ya nyumba moja ni bora mara kumi, ila hakikisheni wote mna toleo moja, 1.7, la sivyo hamtaweza kuingia pamoja.

Search and Destroy, mtindo wa timu moja kutega bomu na nyingine kulizuia, iache mpaka mwezi wa pili, maana ukifa unakaa nje mpaka raundi iishe. Kijana mmoja niliyemfundisha alibaki peke yake ramani ya Crash, ndani ya jengo la ghorofa, bomu limeshategwa na timu yake, maadui wawili hai. Banda zima lilikuwa nyuma ya kiti chake likimpigia kelele atoke. Hakutoka. Alivaa hedifoni vizuri, akachuchumaa, akasikiliza hatua zikipanda ngazi. Wa kwanza alipotokeza alimmalizia magazini nzima. Wa pili alikuwa nyuma yake hatua mbili tu, na M16 ilikuwa tupu. Nilikitazama kidole chake. Hakikwenda kwenye kitufe cha kujaza, ilitoka bastola.